Kipimo cha Mzigo: Historia ya Mazoezi ya Mwili katika Ngara na Biharamulo

Kazi na zoezi ni ndugu, lakini hawakulelewa nyumba moja. Kila mmoja hukaza misuli, huuendesha moyo mbio na kutoa jasho. Tofauti yao ni hii: kazi huuangalia mzigo unaotakiwa kufika, na zoezi humwangalia mtu auchukuaye. Kwa sababu hiyo mtu aweza kufanya kazi ngumu maisha yake yote, na mwili wake ukachakaa badala ya kuimarika. Na mwingine aweza kufanya zoezi la nusu saa kwa siku akapata afya. Ni jambo gani hufanya jasho la mmoja limjenge na la mwingine limbomoe? Madaktari wa nchi nyingi wamelitafuta jibu la swali hili kwa vipimo na hesabu. Lakini historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, katika mkoa wa Kagera, inalo jibu lake pia, na jibu hilo lilijulikana migongoni mwa watu kabla halijaandikwa vitabuni.

Ngara ni nchi ya vilima. Imepakana na Burundi kwa upande wa magharibi na Rwanda kwa upande wa kaskazini, na mito ya Ruvubu na Kagera, inayokutana karibu na maporomoko ya Rusumo, imechimba mabonde marefu baina ya vilima hivyo. Biharamulo, iliyo mashariki yake, ni nchi iliyotulia zaidi, yenye mapori na mbuga. Wenyeji wa kale wa Ngara ni Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi. Wa Biharamulo ni Wasubi wa Rusubi, pamoja na Wazinza. Katika nchi ya namna hii, aghalabu kwenda mtoni ni kushuka, na kurudi nyumbani ni kupanda hali mtu amebeba. Mtoto aliyefuata mbuzi kutwa, au aliyetumwa maji asubuhi na kuni jioni, alifunzwa pumzi na nguvu bila ya mwalimu wala kiwanja.

Wageni wa kwanza walioandika habari za nchi hii walipita wakiwa katika misafara. Mwaka 1861 Speke na Grant, Waingereza waliokuwa wakiitafuta asili ya mto Nile, walipita katika nchi waliyoiita Usui, ambayo ndiyo Rusubi, wakazuiliwa na mfalme Suwarora mpaka walipotoa hongo ya nguo na shanga. Mali zao zote zilichukuliwa na wapagazi. Desturi ya wapagazi hao haikuwa jambo la kubahatisha. Mzigo wa mtu mmoja ulikadiriwa frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Msafara ulianza kabla jua halijapanda, kirangozi akatangulia, na baada ya saa chache, kabla jua halijakuwa kali, watu walitua. Mwendo wa alasiri, ulioitwa terikeza, ulifanywa kwa dharura, hasa pale ambapo maji yalikuwa mbali. Msafara ukisha kuvuka pori refu, watu walipumzika siku nzima au zaidi.

Burton, aliyesafiri katika bara hili kati ya mwaka 1857 na 1859, alieleza kwamba Wanyamwezi walimzoeza mtoto upagazi tangu umri wa miaka sita au saba, kwa kumtwika kipande kidogo cha pembe begani. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto yule hakupewa frasila mbili. Alipewa kadiri ya mwili wake, na mzigo ukakua pamoja naye. Hapa zaonekana kanuni nne zisizohitaji kitabu: kuanza na kidogo, kuongeza kwa taratibu, kuacha kabla nguvu hazijaisha, na kupumzika. Tena mpagazi aliyepewa mzigo uliozidi alikuwa na silaha yake. Aliweza kuukataa mbele ya watu, aliweza kudai uzito upimwe upya, na mwisho aliweza kuutua njiani akaenda zake usiku. Kipimo cha mzigo kililindwa na uhuru wa mbebaji.

Si kila mahali kazi ya mwili ilihesabiwa kuwa heshima. Karibu na nchi hizi, huko Karagwe, Speke alipokewa na mfalme Rumanika mwaka huo huo wa 1861, na huko akaona wake wa wakubwa wakinyweshwa maziwa kwa wingi ili wanenepe. Alimpima mmoja wao kwa kamba, mke wa ndugu yake mfalme, ambaye kwa unene hakuweza kuinuka na kusimama. Unene ule ulikuwa alama ya cheo: ulionyesha kwamba nyumba ina ng'ombe wengi na mwenye nyumba hana haja ya kumtuma mkewe shambani. Wazo hili halikwisha pamoja na falme. Hata katika karne ya 21 kitambi bado huitwa neema na watu wengi, na atembeaye kwa miguu hudhaniwa kuwa amekosa nauli. Anayetaka kupanga mazoezi katika jamii hana budi kuijua historia hii, kwa maana mara nyingi kinachomzuia mtu kutembea si udhaifu wa miguu, bali ni hofu ya kuonekana maskini.

Ndipo ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na kipimo cha mzigo kikavunjwa. Wajerumani walikuwa wamejenga boma lao Biharamulo. Mnamo Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji, yaliyokuwa yametoka Rwanda na Burundi, yaliitwaa Biharamulo, na mwezi Septemba yakaingia Tabora. Majeshi ya pande zote hayakuwa na njia za magari za kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga na mahema vilitwikwa watu. Lakini mpagazi wa vita hakuwa mpagazi wa msafara. Alikamatwa kijijini kwake. Hakuchaguliwa kwa nguvu zake wala hakuzoezwa. Alipelekwa katika nchi za joto au baridi asizozizoea. Alilishwa nafaka isiyopikika vizuri, na alitembezwa siku baada ya siku bila kituo. Askari akimwona anayumba alimdhania mvivu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Matokeo yake yamo katika kumbukumbu za vita. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi zataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria waliochunguza baadaye wanakisia kwamba idadi ya kweli ilifikia 100,000 au kupita. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na uchovu. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam ni masalio ya jina la kikosi hicho cha wachukuzi. Watu hawa walifanya kazi ambayo kwa sura yake ni ile ile ya Wanyamwezi wa zamani: kutembea na kubeba. Kilichopungua ni kadiri, chakula, mapumziko, na hiari. Mambo manne hayo yalipoondolewa, kazi iliyokuwa ikijenga vifua vya watu iliwamaliza.

Baada ya vita Ngara na Biharamulo zikawa chini ya Waingereza katika Tanganyika, na safari nyingine ikaanza. Wanaume wa Bugufi walikwenda Buganda kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, na wengi wao walikwenda kwa miguu. Kutoka Ngara hadi Masaka, hata mtu akikata moja kwa moja kama ndege, ni zaidi ya kilometa 250. Katika safari hiyo hapakuwa na msimamizi wa kuamrisha; mtu alikwenda na wenzake, akalala alipochoka, akafanya kibarua njiani alipoishiwa. Mwendo wa namna hii wa siku nyingi, usio wa mbio wala wa kulegea, ndio ambao madaktari wa siku hizi huusifu kwa kuuimarisha moyo.

Lakini sifa hiyo isizidishwe, kwa maana mume aliyesafiri aliacha nyuma mke, jembe na mtungi. Mwanamke wa Ngara alilima kilimani, akasenya kuni, akateka maji bondeni, na mara nyingi alifanya hayo akiwa na mimba au mtoto mgongoni. Ndoo ya lita 20, iliyochukua mahali pa mtungi, ina uzito wa kilo 20 za maji, nayo hukaa juu ya shingo katika mpando mkali. Nguvu za mwanamke huyo ni za kweli, na maumivu yake ya shingo na kiuno ni ya kweli pia. Kumwambia kwamba anahitaji kukimbia jioni ni dhihaka. Anachohitaji ni bomba lililo karibu na siku ya kupumzika.

Shule zilileta jambo jipya, yaani mwendo usiokuwa na mzigo wala safari. Mchakamchaka wa alfajiri, ambao wanafunzi wa Tanzania hukimbia kwa safu huku wakiimba, uliwafunza watoto wengi kwamba mtu aweza kukimbia kwa ajili ya mwili wenyewe. Nao una hekima iliyofichika: anayeimba hawezi kukimbia kupita pumzi yake, na wimbo ukikatika kiongozi hujua kwamba mwendo umezidi. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwaendeleza vijana katika desturi hiyo. Ubaya wake ni kwamba wengi waliiona kuwa ni amri ya shule au ya kambi; walipomaliza shule, wakamaliza na kukimbia.

Wakati huo huo elimu ya tiba ilikuwa ikielekea kwenye kanuni zile zile za wapagazi. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme aliwatibu askari walioumia magoti kwa kuwainulisha vyuma, akianza na vyepesi na kuviongeza kadiri misuli ilivyopata nguvu. Habari zake zilichapishwa mwaka 1945. Vita moja iliwaua watu kwa mizigo, na nyingine ikawaponya kwa mizigo, na tofauti ilikuwa kipimo tu. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake wa London walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini.

Dereva yule wa London sasa amezaliwa Biharamulo pia. Pikipiki za bodaboda zimefika vilimani, na mwalimu, karani na mfanyabiashara hukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wapatao robo walikuwa na uzito uliozidi. Mnamo Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Wito huo ulikuwa mwema, lakini siku moja kwa mwezi ni mlango tu, si nyumba. Mtu akaaye siku 29 na kukimbia siku ya 30 hujitwika mzigo wa vita, si wa msafara.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu katika siku mbili au zaidi. Ushauri huu ukitiwa katika nchi ya vilima, hautaki gharama. Karani wa Ngara aweza kutembea nusu saa katika siku tano, akianza njia ya tambarare, na baada ya majuma kadhaa akaongeza mpando mfupi, kisha mrefu. Kipimo chake ni ulimi: akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, mwendo umekuwa wa kadiri. Siku mbili zisizofuatana atachuchumaa na kuinuka, atapiga pushapu kwa kuegemea ukuta kabla hajashuka chini, na atainua ndoo iliyojaa nusu, mgongo ukiwa umenyooka na pumzi ikitoka anapoinua. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au kisukari, na aliyekaa miaka mingi bila kujitaabisha, apimwe kwanza zahanati. Anayeona kifua kikibana au kizunguzungu na aache papo hapo, atafute matibabu. Kuvumilia hapo si uhodari.

Mkulima naye asiambiwe maneno ya karani. Jembe limekwisha kumpa jasho la kutosha. Mpango wake wa afya ni kugawa mzigo mkubwa kuwa miwili, kubadili bega, kula kabla ya kazi, na kupumzika bila aibu. Pale Wanyamwezi walipompa mtoto kipande cha pembe, na pale majeshi ya 1916 yalipomtwika mgonjwa sanduku la risasi, njia ilikuwa ile ile na miguu ile ile. Kilichowatenga waliofika na waliozikwa njiani ni kama kulikuwa na mtu aliyeuliza mbebaji aweza kuchukua kiasi gani. Katika karne hii hakuna nyapara wa kuuliza wala kukataa kuuliza. Kila mtu ni kirangozi wa mwili wake, na swali hilo limebaki mikononi mwake.