Utafiti wa Hawthorne

Utafiti wa Hawthorne ni mfululizo wa majaribio na mahojiano yaliyofanywa kati ya 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric, mjini Cicero, kando ya Chicago, Marekani. Kiwanda hicho kilitengeneza simu na vifaa vyake, na kilipokuwa na kazi nyingi kiliajiri watu wapatao 40,000. Ni nadra kozi ya usimamizi wa rasilimali watu ikakosa kuutaja, na mara nyingi huutaja nusunusu.

Mambo yalianza na taa. Wahandisi walitaka kujua kama mwanga mkali humfanya mfanyakazi atoe kazi nyingi zaidi. Walipoongeza mwanga, kazi ilipanda. Kundi la kulinganishia, ambalo halikuongezewa chochote, nalo likapanda. Baadaye wanawake wawili walipunguziwa mwanga hadi ukafanana na wa mbalamwezi, wakaendelea kwa kasi ileile. Jambo lililokuwa likisukuma kazi halikuwa taa.

Aprili 1927 wanawake sita walitolewa katika idara yao wakawekwa katika chumba cha peke yao. Watano waliunganisha rilei, kifaa kidogo cha kuwasha na kukata mkondo wa umeme katika mitambo ya simu, na wa sita aliwagawia vipande. Rilei moja ilikuwa na vipande zaidi ya 30, na fundi mzoefu aliimaliza kwa dakika moja hivi. Akiimaliza huitumbukiza katika tundu mbele yake, na mashine ikatoboa alama kwenye utepe wa karatasi. Mtafiti aliketi nao humohumo, akiandika joto la chumba, maongezi yao, hata saa walizolala usiku. Wakapewa mapumziko ya dakika tano mara mbili kwa siku, kisha ya dakika kumi, kisha kitafunio cha asubuhi, kisha ruhusa ya kutoka mapema. Mwaka 1928 yote hayo yaliondolewa kwa wiki 12, wakarudia saa 48 kwa wiki bila mapumziko. Jumla ya kazi ya wiki haikushuka, bali ilizidi kupanda.

Elton Mayo, Mwaustralia aliyefundisha Harvard, alianza kwenda kiwandani hapo mwaka huohuo. Maelezo yake ndiyo yaliyosambaa: wafanyakazi waliongeza juhudi kwa sababu walijaliwa na wakawa kundi lenye umoja. Jina “athari ya Hawthorne”, yaani mtu kubadilika kwa kujua kuwa anaangaliwa, lilienea baada ya kitabu cha Henry Landsberger cha 1958.

Lakini wanawake wenyewe walipoulizwa walitaja mambo ya wazi kabisa: humo chumbani hapakuwa na msimamizi wa kuwafokea, walikuwa huru kuzungumza, na malipo yalikuwa mazuri zaidi. Idarani bonasi ilikokotolewa kwa kundi la watu mia hivi. Chumbani kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo kila aliyejituma aliliona jasho lake kwenye ujira wake. Tena, Januari 1928 wawili kati yao waliondolewa kwa kosa la kuongea mno na kutotoa ushirikiano, wakaletwa wengine waliokuwa wepesi zaidi. Mtafiti Alex Carey aliyakumbusha hayo mwaka 1967 kwa ukali, na alikuwa na haki. Huwezi kumfukuza mtu chumbani kisha ukaeleza matokeo ya chumba hicho kwa upole wa wasimamizi pekee.

Sehemu yenye faida kubwa zaidi ya utafiti huu, kwa maoni yangu, ni mahojiano. Tangu 1928 hadi 1930 walihojiwa watu zaidi ya 21,000. Mwanzoni wahojaji walikuwa na orodha ya maswali, lakini watu walikuwa wakiyaacha maswali na kusema yaliyowakaa moyoni. Mwaka 1929 orodha ikawekwa kando. Mhojaji alitakiwa asikilize, asibishe, asitoe nasaha. Mazungumzo ya nusu saa yakawa ya saa moja na nusu. Mwanamke mmoja, akiwa katikati ya kusema, aligundua kwamba alimchukia msimamizi wake kwa kuwa alimfananisha na baba yake wa kambo.

Kisha likaja suala la mgomo baridi. Novemba 1931 wanaume 14 wa kitengo cha kufunga nyaya za mitambo ya simu waliwekwa katika chumba chao bila kubadilishiwa lolote. Ilionekana kuwa walikuwa wamepatana kimyakimya kazi ya siku iwe kiasi gani. Aliyekimbia mbele alikejeliwa na kupigwa ngumi mkononi; aliyezembea alisemwa; mchongezi hakuwa na rafiki. Waliamini kwamba wakizidisha, bei ya kipande itapunguzwa au wenzao watapoteza kazi. Watafiti waliiita hofu hiyo hisia tu. Mei 1932 chumba kilifungwa kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Mdororo wa uchumi ulikuwa ukiwaondoa watu kiwandani kwa maelfu.

Mwaka 1936 kiwanda kiliajiri washauri wa kupita idarani na kuwasikiliza wafanyakazi. Hawakupewa mamlaka ya kurekebisha ujira, zamu wala msimamizi mbaya. Kazi yao ilikuwa kusikiliza tu. Afisa utumishi yeyote anayegawa dodoso la kuridhika kazini au kutundika sanduku la maoni mlangoni anafuata njia inayofanana na hiyo, pamoja na kasoro yake. Mpango wa washauri ulidumu miaka 20 hivi. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1983, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa, ukabaki mnara.