Safu ya Lugha: Kifundo

Fundo la moyoni ni kinyongo. Kifundo ni kiungo: cha mguu, cha mkono, cha muwa. Wanabiolojia nao wana vyao. Katika mchoro wa umetaboli, yaani mabadiliko ya kikemia ndani ya seli, kila molekuli ni kifundo, na mimenyuko ni nyuzi zinazoviunganisha. Donald Nicholson wa Leeds, Uingereza, alianza kuichora ramani hiyo kwa mkono miaka ya 1950. Siku hizi programu huipanga zenyewe: vifundo husukumana, nyuzi huvivuta kama springi, mbinu aliyoieleza Peter Eades mwaka 1984. Msumbufu ni ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Inashiriki mimenyuko chungu nzima, basi nyuzi zote huikimbilia zikasokotana. Dawa yake ni kuchora kifundo cha ATP upya kila inapotumika.