Fimbo ya Mbali: Sungusungu na Historia ya Ulinzi wa Jirani

Mwaka 1982 wakazi wa Mollington, kijiji cha Cheshire nchini Uingereza, walikubaliana kuangaliana nyumba zao ili kuzuia wizi. Kikundi chao hutajwa kuwa ndicho cha kwanza cha Neighbourhood Watch katika nchi hiyo, na leo vibao vyenye jina hilo vimetundikwa kwenye nguzo za taa katika mitaa wanamoishi wengi wetu. Wakati huohuo, magharibi mwa Tanzania, katika vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora, wanaume walikuwa wakitoka usiku na pinde na mishale kuitikia mwito wa jirani aliyevamiwa. Hao waliitwa sungusungu. Makundi haya mawili hayakujuana, wala moja halikuiga jingine. Hata hivyo yalikabili swali moja: ni nani ataulinda mlango wa mtu usiku, ikiwa dola iko mbali? Jibu la sungusungu lilikuwa na nguvu kubwa kuliko la Mollington, na kwa sababu hiyohiyo lilikuwa na hatari kubwa zaidi.

Jina lenyewe lina mafunzo. Sungusungu ni chungu wakubwa weusi, wenye kuuma, ambao huenda kwa makundi. Mmoja peke yake hukanyagwa. Wakiwa wengi, hata mwenye nguvu huwapisha. Wanakikundi walijulikana pia kwa jina la Basalama, yaani watu wa salama. Majina hayo mawili, la mdudu aumaye na la amani, yalikaa pamoja tangu mwanzo, na historia yote iliyofuata ni historia ya kuyapatanisha.

Ulinzi wa namna hii haukuzuka ghafla. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipopita Unyamwezi, na vita vya watemi vilipopamba moto, watu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa maboma ya miti na minyaa. Nje ya boma palikuwa pa hatari. Ndani, kila mwenye nguvu alikuwa askari. Ni zama za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na za rugaruga wake, vijana wenye silaha waliolinda himaya na kuteka nyara kwa mkono uleule. Katika utawala wa kikoloni vita hivyo vilikoma, maboma yakaachwa, na watu wakatawanyika, kila kaya ikijenga karibu na mashamba na malisho yake. Ujirani haukufa kwa kutawanyika huko. Kwa Wasukuma, aliyevamiwa alipiga mwano, yaani yowe la hatari, na kila aliyelisikia aliwajibika kutoka.

Katika miaka ya 1970 mambo yalibadilika mara mbili kwa mfululizo. Kwanza, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kutoka katika kaya zao zilizotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vipya, mara nyingi kwa shuruti. Watu waliozoea kuchagua majirani wao walijikuta bega kwa bega na wasiowajua. Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Jeshi la Idi Amin lilishindwa, lakini bunduki zilisambaa, nao uchumi ukaporomoka. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa kwa fimbo na mishale, sasa ulifanywa kwa silaha za moto. Kwa mfugaji, ng'ombe ndio benki, mahari, na heshima ya ukoo. Anayeamka na kukuta zizi tupu amepoteza zaidi ya mali.

Kituo cha polisi kilikuwa mbali, tena wananchi wengi waliamini kwamba mwizi aliyekamatwa jioni angeachiwa asubuhi kwa rushwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tena fimbo hiyo ilikuwa imekwisha kuwapiga wasio na hatia. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga dhidi ya watuhumiwa wa mauaji, na baadhi ya waliokamatwa waliteswa hadi kufa. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 akibeba dhamana ya kisiasa kwa matendo ambayo hakuyatenda yeye. Mwanakijiji wa Shinyanga aliyekumbuka hayo alikuwa na sababu mbili za kutoitegemea serikali: haikufika ilipohitajika, na ilipofika iliweza kuua.

Kutokana na hali hiyo kila kijiji kikajiundia ulinzi wake. Palikuwa na kiongozi aliyeitwa ntemi, jina la machifu ambao sheria ya 1963 iliwaondoa madarakani, na pembeni yake palikuwa na katibu na kamanda, vyeo vilivyotoka katika chama na jeshi. Mfumo huo ulishonwa kwa vitambaa vya zamani na vipya. Wanaume walipaswa kuwa na upinde na mishale. Mwano ulipopigwa, wale waliousikia waliupokea na kuupeleka kijiji cha pili, na cha pili kikaupeleka cha tatu, hata wezi wakakuta njia imezibwa mbele yao. Asiyetoka alitozwa faini.

Adhabu iliyoogopwa zaidi haikumwaga damu. Mkosaji alitengwa. Hakuna aliyemsalimu, hakuna aliyempa moto wala maji, hakuna aliyemsaidia kuzika, hadi alipokiri na kulipa. Mahali ambapo mtu huishi kwa kutegemea mikono ya wenzake wakati wa kulima na wakati wa msiba, kutengwa ni kifungo kisicho na kuta.

Viongozi wa serikali waligawanyika. Mwanzoni baadhi ya watendaji waliwaona sungusungu kama utawala ndani ya utawala, na wengine wao walikamatwa. Lakini ndani ya chama tawala kulikuwa na waliowaona kuwa mfano wa wananchi wanaojitegemea, na msimamo huo ndio ulioshinda. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliwatambua rasmi na kuwapa uwezo wa kukamata. Rais wakati huo alikuwa Mwinyi yuleyule. Mtu aliyeacha uwaziri kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa dola ndiye ambaye chini ya urais wake uwezo wa kukamata ulikabidhiwa kwa majirani. Sheria ilieleza vizuri kuliko awali nani akamate. Haikueleza vya kutosha aliyekamatwa na jirani zake akakate rufaa kwa nani.

Swali hilo lilikuwa na wahanga. Usukumani, tuhuma za uchawi ziliwaandama hasa wanawake wazee, wajane wengi wao, ambao macho yao mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya jikoni yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mauaji ya vikongwe hayakuanzishwa na sungusungu, na itakuwa dhuluma kuwabebesha yote. Lakini chombo kilichoapa kuondoa wabaya kijijini kilipokea orodha ya wabaya kutoka kwa kijiji chenyewe, na katika orodha hiyo mchawi aliandikwa karibu na mwizi wa ng'ombe. Wako walioitwa, wakahojiwa, wakatengwa au wakafukuzwa makwao. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga; nao ni wosia mzuri, ila ukishikwa na umati wenye hofu hugeuka ruhusa ya kumtafuta adui ndani ya nyumba.

Baada ya 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, sungusungu walihimizwa mijini pia, Dar es Salaam ikiwemo. Huko jina lilisafiri bila mwano wake. Wapangaji walihama kila mara, na jirani hakujua jina la jirani. Zamu ya usiku ikawa jambo la kuchangia fedha: mwenye nacho alilipa akalala, asiye nacho alikesha. Wajibu ulipogeuka kuwa ada, nguvu ya mfumo ilipungua, lakini rungu lilibaki mkononi mwa mlinzi.

Hapo ndipo Mollington inaposaidia kufikiri. Neighbourhood Watch humtaka mwanachama aone na aripoti. Asikamate, asihukumu, asiadhibu. Ni ulinzi wa macho. Kwa hiyo hauwezi kumwokoa mtu usiku ule anapopiga yowe, lakini pia ni vigumu kumfukuza bibi kizee kwake. Sungusungu walikuwa ulinzi wa miguu: walifika. Anayewadharau kama umati wenye hasira hajawahi kukaa mahali ambapo yowe lake halina wa kuliitikia. Naye anayewasifu kama demokrasia safi ya kijiji hajamuuliza aliyetengwa.

Sisi tulio ugenini tumo pande zote mbili za hadithi hii. Jamaa zetu huko nyumbani hutuomba mchango wa ulinzi shirikishi wa mtaa, nasi tunautuma. Hapa tulipo, baadhi yetu tumewahi kuwa yule mgeni ambaye jirani alimchungulia dirishani kisha akainua simu. Kwa hiyo tunapotuma mchango, tunayo haki, na pengine wajibu, wa kuuliza zaidi ya idadi ya walinzi na tochi zao. Tuulize majina ya watuhumiwa hutoka kwa nani, na kama mjane anayeishi peke yake mwisho wa mtaa ana mtu wa kumsemea siku jina lake litakapotajwa.