Baba wa Mlio, Mwana wa Kimya
Binamu yangu amenunua Subaru, na kabla hajamaliza kulipa mkopo anataka kung'oa sailensa. Jumamosi tukashuka Grogan. Fundi akatoa mbili. "Msee, chagua sauti," akasema.

Ya kwanza ni ya vyumba. Ndani yake mawimbi ya sauti hugonga kuta, hurudi na kufutana. Ya pili ni bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya kioo: moshi hupita moja kwa moja, na pamba hunywa sehemu ya mlio. Kwa gari la kwenda kazini, tofauti utaisikia kwa masikio kuliko kwa mguu. Na ule mngurumo wa Subaru za zamani hautengenezwi na sailensa. Unaanzia mbele, kwenye mabomba ya urefu usiolingana yanayotoa moshi kwenye injini. Kama yako yanalingana, utanunua kelele tu.

Nikaenda nyumbani kusoma, na nikakuta hiki chuma kina ukoo.

Sailensa za injini zilikuwepo mapema. Ndugu wawili wa Indiana, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya moja mwaka 1897. Lakini jina lililonishika ni Maxim. Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alitengeneza mwaka 1884 bunduki iliyojipakia risasi yenyewe. Tunaijua huku. Mwaka 1890 Frederick Lugard alitoka pwani kwenda Kampala na Maxim moja iliyochakaa, na mwaka 1892 ikatumika kwenye vita vya Mengo. Mwaka 1905 Waingereza walizibeba kwenda kuwapiga Wanandi. Maxim mwenyewe alizeeka akiwa kiziwi kwa sababu ya mlio wa bunduki zake.

Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alikuwa injinia wa magari huko Hartford, Connecticut. Mwaka 1909 alipata hataza ya kuzima mlio wa bunduki, kifaa alichokikuza sambamba na sailensa za injini. Kanuni ni moja: gesi moto iliyobanwa ikitoka kwa ghafla, inapasuka. Ipe nafasi ipanuke na kupoa polepole, inatulia. Baadaye kampuni yake iliachana na bunduki, ikabaki na injini na mashine.

Kwa hivyo bunduki na bomba la moshi ni watoto wa nyumba moja, na hapo ndipo nilipokwama. Binamu alitaka pia ile "pa-pa-pa" ya kuachilia mafuta, ambapo kompyuta ya injini huchezewa ili petroli iwakie ndani ya bomba. Ni kazi ya Percy iliyogeuzwa kinyume: unalipa pesa ili gari lisikike kama bunduki ya babake.

Tarehe 25 Juni 2024 risasi zilipigwa katikati ya Nairobi, na vijana wa rika letu wakafa. Tangu hapo, gari la aina hiyo likipita usiku, mathe huzima taa kwanza, halafu ndio anauliza kama ni gari.

Nilimwambia binamu hivyo. Alinyamaza kidogo. Akachukua ile ya pamba, akamwambia fundi ile pa-pa-pa aiache.