Paka mupya nyumbani: kwa nini munganga wa nyama amuone mbele

Katika miji kama Bukavu, Goma ao Butembo, watu wengi wanachukua paka juu ya shida moja: panya. Panya wanatoboa magunia ya mahindi, wanakata nguo, usiku hawaachi watu walale. Basi paka mutoto anatoka kwa jirani ao sokoni, na siku ileile watoto wa nyumba wanaanza kumubeba na kulala naye. Ni watu kidogo tu wenye kuwaza kumupeleka kwanza kwa veterineri, mwenye wengi wanaita munganga wa nyama.

Raje haiko ya mbwa tu

Hatari kubwa ni raje, ao kichaa cha mbwa. Jina hilo linadanganya. Paka mwenye kuumwa na munyama mugonjwa anaweza kupata raje, kisha kuipitisha kwa mutu kwa kumuuma ao kumuparura. Alama zikisha kuonekana kwa mutu, karibu kila mara anakufa. OMS inakadiria kama raje inaua watu karibu 59.000 kila mwaka katika dunia, zaidi katika Afrika na Azia. Wengi wanaipata kwa mbwa, lakini paka njo analala karibu na watoto.

Namna ya kumupeleka

Paka anatiwa ndani ya kitunga chenye kufunikwa, ao kartoni yenye matundu ya kupitisha hewa, na kitambaa chini. Kumushika mukononi juu ya pikipiki si vizuri: akiogopa kelele, ataparura na kuruka barabarani.

Munganga anauliza paka ametoka wapi na ana miezi ngapi. Anaangalia macho, masikio, meno na ngozi, anamupima kilo, kisha anatoa dawa ya minyoo kufuatana na uzito wake. Chanjo ya raje inaanza kwa kawaida kwenye miezi 3, na inarudiliwa kisha mwaka moja. Tarehe inaandikwa kwenye karte ya chanjo. Karte hiyo inachungwa vizuri.

Chanjo haikingi siku ileile. Inaomba karibu wiki 3 ao 4. Katika wakati huo, paka abakie nyumbani, mbali na mbwa wa kutangatanga.

Mambo ya kuepuka

Paka akiwa na homa, asipewe paracétamol: hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye perméthrine nayo ni sumu kwake. Na nyumba yenye kuwa na paka haifai kutia sumu ya panya, kwa sababu paka akikula panya mwenye sumu, na yeye anaweza kufa.

Akiuma mutu

Kidonda kioshwe palepale na maji mengi na sabuni, dakika 15. Kisha mutu aende kituo cha afya siku ileile, hata kama paka ni wa nyumba na anaonekana muzima. Paka asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe na aangaliwe siku 10. Akibakia muzima siku zote hizo, hakukuwa na raje katika mate yake wakati aliuma. Lakini sindano haingojee siku hizo zipite: munganga wa watu njo atasema kama zitaendelea ao zitasimama.