Kabla ya droni kulikuwa na vijiti vya balsa

Siku hizi harusi haiwi harusi bila droni kunguruma juu ya vichwa vya waalikwa. Wengi hudhani kidude hicho kilitoka moja kwa moja kwenye maabara za kijeshi, kisha kikashushwa hadi kwetu raia. Historia inasema vingine, ndugu msomaji. Kwa sehemu kubwa safari ilianzia upande wa pili, kwa watu waliokuwa wakicheza na vijiti, gundi na redio walizojiundia nyumbani. Leo tuweke kando mambo ya programu na hifadhidata, nikusimulie.

Tuanze na wazo lenyewe la kuongoza kitu kwa mawimbi. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akaiongoza bila waya wowote. Watu waliduwaa. Lakini mashua hubebwa na maji hata ikiwa nzito, ndege haina bahati hiyo. Redio za zamani zilitumia vali za kioo na betri nzito, na kila gramu ya ziada ilidai bawa kubwa zaidi.

Hapo ndipo balsa inapoingia. Mti huu hutoka Amerika ya Kusini na Kati, hasa Ekuador, na hukua haraka mno: baada ya miaka mitano hadi saba unakatwa. Mita moja ya ujazo ya mbao yake huwa na uzito wa takriban kilo 160, wakati maji ya ujazo huo huo yana kilo 1,000. Jina lenyewe kwa Kihispania maana yake ni chelezo, na ni kwa magogo ya balsa Thor Heyerdahl alivuka Pasifiki mwaka 1947 akitokea Peru. Inakatika kwa wembe, inashika gundi vizuri, na bado ina nguvu ya kutosha kubeba injini.

Mapacha Walter na William Good, wa mji wa Kalamazoo, Michigan, waliunganisha mambo hayo mawili. Mwaka 1937 walirusha Guff, ndege ya mfano yenye mabawa ya mita 2.4 hivi kutoka ncha hadi ncha, ikiongozwa kwa redio. Leo imehifadhiwa na makumbusho ya taifa ya anga ya Marekani.

Mimi huandika programu kwa riziki yangu, kwa hiyo kinachonisisimua zaidi ni jinsi wapenzi wa ndege hizi walivyoongoza kwa habari chache. Redio nyingi za awali zilikuwa na chaneli moja tu, yaani biti moja: kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Ndani ya ndege kulikuwa na kigurudumu chenye meno kilichoendeshwa na mpira uliosokotwa. Bonyeza, usukani unakwenda kushoto. Achia, unarudi katikati. Bonyeza tena, unakwenda kulia. Rubani alilazimika kukumbuka zamu ilikuwa ya upande gani, maana ndege isingemwambia. Ukisahau, unaugeukia mti badala ya kuukwepa!

Wakati huo huo, kule Hollywood, mwigizaji mzaliwa wa Uingereza aitwaye Reginald Denny alikuwa amefungua duka la ndege za mfano. Akaona kwamba wapiga mizinga wanahitaji shabaha inayoruka. Kampuni yake, Radioplane, ikaliuzia jeshi la Marekani ndege ya OQ-2, na hadi Vita vya Pili vya Dunia vinakwisha zilikuwa zimeundwa karibu 15,000. Katika kiwanda hicho mpiga picha wa jeshi alimkuta msichana mmoja akifanya kazi, Norma Jeane. Ulimwengu ulikuja kumjua kama Marilyn Monroe. Basi mchezo ukawa silaha, na tangu hapo mambo hayo mawili hayajaachana.

Baada ya vita, transista zilipunguza uzito, na miaka ya 1960 ikaleta njia tunayoitumia mpaka leo. Kila baada ya milisekunde 20 hivi, sevo hupokea pigo moja la umeme. Pigo la milisekunde 1 ni upande mmoja, 2 ni upande wa pili, 1.5 ni katikati. Ukinunua sevo kwa ajili ya roboti yako leo, inazungumza lugha hiyo hiyo.

Tatizo lililobaki lilikuwa kugombania masafa. Watu wawili wakiwasha rimoti za masafa mamoja, ndege moja au zote mbili zilianguka, kwa hiyo vilabu viliweka ubao wa vibanio: huna kibanio cha masafa yako, huwashi. Tangu mwaka 2005, rimoti za 2.4 GHz zilipoanza kuuzwa kwa wapenzi wa ndege hizi, ubao huo umekuwa ukistaafu polepole.

Na kama bado unadhani balsa ni ya watoto, msikilize huyu mzee. Agosti 2003, Maynard Hill, mhandisi mstaafu mwenye umri wa miaka 77, asiyeona wala kusikia vizuri, alirusha ndege ya balsa ya chini ya kilo 5 kutoka Newfoundland, Kanada. Ikijiongoza kwa GPS, ilitua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52, safari ya kilomita 3,030 hivi, kwa mafuta yasiyofika galoni moja. Ndege zake kadhaa za kabla ya hiyo zilimezwa na bahari.

Rafiki zangu huniuliza kwa nini nakesha nikigundisha mbavu za bawa wakati droni iliyo tayari inapatikana madukani. Jibu langu ni hili: droni ya dukani ni sanduku lililofungwa, ikifa unaitupa. Balsa ikivunjika unaona ilipovunjikia, na unajua kwa nini. Denny, mapacha wa Kalamazoo na Hill walikuwa watu wanaojua kila kijiti kilipo, ndiyo maana walikuwa wauzaji na wavumbuzi, si wateja tu. Kenya tuna wanunuzi wa droni wa kutosha, tunapungukiwa na waundaji.

Ukitaka kuanza, soma kwanza kanuni za KCAA za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani. Kisha unda nyiririko, ndege isiyo na injini. Ukikosa balsa, lile povu gumu jeupe lililofungia runinga mpya linatosha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.