Amri ya Kukinyamazisha Kibandiko

Tarehe 1 Julai 2007, mji wa Dubai ulipoanza kutoza ushuru wa barabara uitwao Salik katika malango ya daraja la Al Garhoud na ya Al Barsha, wenye magari walitakiwa kubandika kwenye kioo cha mbele kibandiko chenye chipu isiyo na betri, ambayo, gari lipitapo chini ya lango, huamshwa na mawimbi ya redio ya kisomaji na kutaja nambari yake, na papo hapo, kwa kiwango cha wakati huo, dirhamu 4 zikakatwa katika hesabu ya mwenyewe, asisimamishwe wala asiulizwe neno.

Lakini kibandiko kimjibucho kila akiitaye hakimchagui muulizaji, na jambo hilo lilikwisha kuwashughulisha mabingwa wa fani hii kabla ya Salik. Mwaka 1999 kilianzishwa kituo cha Auto-ID katika chuo cha MIT, Marekani, kwa nia ya kuipa kila bidhaa nambari yake ya pekee kwa chipu kama hiyo. Na mwaka 2003, ilipovuma habari kwamba kampuni ya Benetton itatia chipu katika nguo zake, watetezi wa faragha waliwahimiza wanunuzi waisusie, wakihoji, kwa haki kabisa, itakuwaje mtu atoke dukani amevaa shati linalotambuliwa na kila kisomaji atakachokipitia.

Jawabu likaja katika kanuni ya chipu hizi iitwayo Gen2, iliyoidhinishwa Desemba 2004. Humo mna amri ya kufunga, ambayo kwayo mwenye nenosiri huyazuia maandishi ya chipu yasibadilishwe, au huyafunga daima dawamu, hata yeye mwenyewe asiweze tena kuyafungua. Na mna amri ya kuua. Kisomaji kinachotaka kuua hutoa nenosiri la biti 32, nalo halitamkwi wazi, bali hugawanywa nusu mbili, na kila nusu huchanganywa na nambari ya kubahatisha ambayo kibandiko chenyewe kimeitoa punde, kwa kuwa sauti ya kisomaji husikika mbali ilhali ya kibandiko ni hafifu, na mdukizi aliyejibanza mbali hupata upande mmoja tu wa mazungumzo. Nenosiri likisadifu, kibandiko hunyamaza milele. Aidha, ili asije mhuni akaviua vibandiko vya duka zima, kanuni hukataza kuuawa kibandiko ambacho nenosiri lake ni sifuri tupu. Na hapo ndipo penye kasoro, maana kiwanda kisichoandika nenosiri huiacha amri hiyo bila nguvu, na mfanyabiashara wa Kariakoo anunuaye nguo Deira, Dubai, aghalabu hana habari ya hali ya chipu zilizomo katika lebo.

Kwa ushuru wa barabara, kuua si lazima, kwani kibandiko kikifutwa daftarini hakitozwi tena. Hata hivyo, kufutwa daftarini si kunyamazishwa: daftari limekwisha kukisahau, na chipu, maadamu nzima, bado yajibu.

Mwaka 2013 toleo la pili la Gen2 liliongeza amri ya kuficha, ambayo hufunika sehemu ya nambari na kupunguza umbali wa kusomeka bila ya kukiua kibandiko. Ni nyongeza njema, ila kwa nguo na viatu mimi nashikilia ile ya kuua, nayo itekelezwe na muuza duka, mbele ya mnunuzi, kabla hajamkabidhi mfuko wake.